Thamani ya Mbeleko

Namba ya kufuatilia kifurushi cha posta ya kimataifa ina herufi na tarakimu kumi na tatu. Herufi mbili za mwanzo hutaja huduma: ikianza na R ni rejista, E ni EMS, C ni kifurushi kikubwa, V ni barua yenye bima. Hufuata tarakimu nane za mfululizo, kisha tarakimu moja ya kuhakiki, na mwisho herufi mbili za nchi kilikotoka. Zetu ni TZ. Tarakimu ya kuhakiki hupatikana kwa kuzidisha zile nane, moja moja, kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7, kisha unajumlisha, unagawa kwa 11 na kutoa baki kwenye 11. Mimi ni mwalimu wa hisabati katika sekondari moja wilayani Biharamulo, kwa hiyo tulipopewa risiti nilikaa kwenye benchi nje ya posta nikaikokotoa. Jibu likatoka sawa.

Mama akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia nahakikisha namba haina kosa.

"Na mbeleko yangu je," akasema, "nayo utaihakikisha hivyo hivyo?"

Mbeleko yenyewe ni kitenge cha kahawia chenye maua ambayo zamani yalikuwa ya njano. Kimetubeba watoto wote wanne wa Mama, kuanzia dada yangu mkubwa aliyezaliwa 1993 mpaka kitinda mimba. Kimefuliwa hadi kimekuwa laini kama karatasi iliyokunjwa mara nyingi, na kona moja ina kiraka. Dada sasa ni muuguzi Winnipeg, Kanada. Mimba yake ya kwanza iliharibika. Ya pili ilipofikisha miezi sita alimpigia Mama simu, wakaongea Kihangaza muda mrefu, na mwisho akaomba kitu kimoja tu. Mama alikuwa ameshanyimwa viza. Kama asingeweza kwenda yeye kumpokea mjukuu, mbeleko ingekwenda.

Mama anaishi Kasulo, wilaya ya Ngara. Kwetu, mzigo mdogo kwa kawaida hausafiri na mtu wake. Unaukabidhi kwa dereva wa mchomoko au kondakta wa basi, unaandika jina na namba ya simu ya mpokeaji kwa kalamu ya wino mzito, unalipa kidogo, na jioni unapigiwa: "Mzigo wako umefika, njoo stendi." Hakuna fomu. Bima yake ni kwamba dereva unamjua, unajua anapolala, na kesho atapita tena. Hata hivyo, Mama hakumwamini dereva yeyote na mbeleko ile. Alipanda gari mwenyewe, akapita Nyakahura na Lusahunga mpaka Biharamulo mjini, mfuko ukiwa mapajani njia nzima.

Ndani ya mfuko kulikuwa na mbeleko, sweta dogo alilolifuma shangazi, kikapu kidogo chenye mfuniko, na kiganja kimoja cha maharage yaliyofungwa kwenye kitambaa. Maharage niliyatoa. Kanada ni wakali kwa mbegu na mimea inayoingia kwao, na kiganja kile kingeweza kukizuia kifurushi kizima. Vilivyobaki havikufika kilo mbili, ambacho ndicho kikomo cha kile posta wanachokiita pakiti ndogo.

Dada wa kaunta alitupa kile kibandiko cha forodha kiitwacho CN22. Kina maswali machache: ni zawadi au bidhaa, kuna nini ndani, kila kitu kina uzito gani na thamani gani. Sweta tuliandika shilingi 15,000, kikapu 10,000. Kwenye mbeleko nilikwama kwanza kwa lugha, maana hilo si neno la forodha. Nikaandika kitambaa cha pamba kilichotumika. Kisha tukafika kwenye bei.

"Andika milioni moja," Mama akasema.

Dada wa kaunta hakucheka. "Mama, hapo tunaandika bei ya kitu chenyewe. Ukiandika milioni, forodha ya kule inaweza kumdai mwanao ushuru wa milioni."

"Sasa kikipotea?"

Ndipo nilipoanza kuielewa bima ya posta. Kufuatilia na bima ni vitu viwili, ingawa watu wengi tunavichanganya. Namba inakuambia habari, bima inakulipa. Pakiti ya kawaida isiyo na namba haina kimojawapo. Rejista ina namba, na ikipotea ina fidia yenye kiwango kilichopangwa, hata kama ndani kulikuwa na kitu cha bei kubwa. Bima kamili, ile ya kutaja thamani, hutolewa pale tu posta za nchi zote mbili zinapoitoa, na thamani unayoitaja haiwezi kuzidi thamani halisi ya kilichomo. Inaruhusiwa kuwa pungufu, lakini si zaidi. Na kanuni za Umoja wa Posta Duniani, chombo kilichozaliwa Bern, Uswisi, mwaka 1874, zinasema wazi kwamba katika kupima fidia, faida iliyokosekana na maumivu ya moyo havihesabiwi.

Nilimfafanulia Mama sentensi hiyo kwa Kihangaza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hawa watu wanajua kwamba moyo unauma. Wasingejua, wasingeandika."

Tuliandika mbeleko shilingi 3,000. Mama aligeuza uso wakati naandika. Tulituma kwa rejista. Kwenye nafasi ya mtumaji niliandika sanduku la posta la shule yetu, kwa kuwa Mama hana sanduku, na kifurushi kikikosa mpokeaji lazima kijue pa kurudi. Kabla ya kufunga nilipiga picha kila kitu, nikapiga na bahasha ikiwa na namba. Maulizo ya kifurushi kilichopotea hupokelewa ndani ya miezi sita, kuanzia siku inayofuata ile ya kutuma, na anayeuliza bila risiti wala maelezo ya kilichokuwamo huwa na kazi ngumu.

Ilikuwa tarehe 12 Septemba. Mtoto alitarajiwa Novemba.

Tarehe 21 Septemba mtandao ulionyesha kifurushi kimeondoka Dar es Salaam kwenda nje. Baada ya hapo kimya. Siku kumi, ishirini, thelathini. Nilifungua ukurasa ule asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza na usiku kabla ya kulala, na kila mara mstari ulikuwa ule ule. Mama alipiga simu kila Jumapili. "Kiko wapi?" Nami nikajibu, "Kiko njiani," jibu ambalo dereva yeyote wa mchomoko angeweza kulitoa.

Kimya hicho kina sababu. Kifurushi hakijitangazi kama simu yenye ramani. Kinasomwa tu kinapobadilisha mikono, pale mtu anapoelekeza mashine kwenye ile mistari myeusi: kilipopokelewa, kilipotoka kwenye ofisi ya kufungia mifuko ya nje, kilipoingia ofisi ya aina hiyo katika nchi ya pili, kilipofika forodha, kilipokabidhiwa. Kati ya kutoka na kuingia kimo ndani ya mfuko uliofungwa, pamoja na vingine vingi, kwenye ghala au tumbo la ndege, na hakuna anayekisoma. Kwa hiyo ukurasa ule haukuambii kifurushi kilipo. Unakuambia mahali kilipoonekana mara ya mwisho.

Nilimweleza Mama hivyo Jumapili moja, nikidhani nampa habari mpya. Akaniambia habari hiyo anayo tangu 1994.

Tarehe 28 Aprili mwaka huo wakimbizi kutoka Rwanda walianza kumiminika kwenye daraja la Rusumo. Katika muda wa takriban saa 24 walivuka watu wapatao robo milioni, na eneo la Benaco, hapo hapo Kasulo, likageuka kuwa mji wa maturubai. Mama alikuwa msichana mwenye mtoto mmoja, dada yangu, akiwa mgongoni ndani ya mbeleko hiyo hiyo. Alisimama kando ya barabara na ndoo ya maji. Anasema waliopita hawakuuliza chakula kwanza. Waliuliza watu. Mama mmoja alishika ncha ya mbeleko, akachungulia uso wa dada yangu kuhakikisha si wake, kisha akaiachia. Baadaye wafanyakazi wa Msalaba Mwekundu walipokuja kutafuta jamaa waliopoteana, swali lao lilikuwa lile lile: mara ya mwisho mlionana wapi?

"Ukijua mara ya mwisho," Mama akasema, "una pa kuanzia. Wengine hawakuwa hata na hapo. Sisi tuna Dar es Salaam, tarehe 21. Tulia."

Tarehe 25 Oktoba mstari mpya ulitokea: kimewasili Kanada. Siku mbili kimekaa forodha. Tarehe 3 Novemba: kimekabidhiwa. Nilimpigia Mama nikiwa katikati ya uwanja wa shule, wanafunzi wakinitazama.

"Kimekabidhiwa nani?" akauliza.

"Haijaandikwa jina, Mama. Imeandikwa tu kimekabidhiwa."

"Basi sijafurahi bado."

Alifurahi saa saba za usiku, Dada alipoamka, akakuta karatasi ya posta mlangoni, na kuulizia kwa jirani aliyekipokea. Alipiga simu ya video. Hakuonyesha uso. Alionyesha kiraka cha kona, akikibonyeza kwa kidole gumba. Mtoto alizaliwa siku sita baadaye, wa kike.

Nilimwambia Mama sasa anaweza kuitupa ile risiti, maana hakuna tena cha kudai. Hakunijibu. Nilipokwenda Kasulo likizo ya Desemba niliiona kwenye kopo la bati anamoweka kadi zetu za kliniki, zile zenye mstari wa uzito unaopanda mwezi hadi mwezi. Ameiweka ya tano, baada ya kitinda mimba. Palipoandikwa thamani ya mbeleko amepiga mstari kwa kalamu juu ya 3,000, na hajaandika kitu kingine.