Mwandani na Kioo

Lugha yetu haina uhaba wa majina ya rafiki: sahibu, mwenzi, msiri, mwandani. Mimi nalipenda zaidi mwandani, kwa kuwa nikilitamka nalisikia neno "ndani". Je, wale tunaowaona kwenye kioo cha televisheni nao ni wandani wetu?

Mapema miaka ya 1980, nikiwa mwanachuo wa ualimu Butimba, mimi na mwenzangu wa bweni tulikwenda mjini Mwanza kutazama Sholay, filamu ya Kihindi ya mwaka 1975. Hatukujua Kihindi, lakini urafiki wa Jai na Veeru, walioigizwa na Amitabh Bachchan na Dharmendra, tuliuelewa barabara. Walipotatizwa na uamuzi, Jai alirusha sarafu. Mwishoni akabaki peke yake kuwakabili majambazi, na alipokufa Veeru akagundua kwamba sarafu ile ilikuwa na sura moja pande zote mbili. Haikuwa bahati; Jai aliichagua hatari kwa ajili ya mwenzake. Tuliporejea bwenini, mimi nikawa Jai, yeye akawa Veeru, na majina hayo hayakutubanduka.

Sidharau urafiki wa kiooni. Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga, alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, mtaani kwetu watu walilia kana kwamba wamefiwa na ndugu. Nami nilifuta machozi, ingawa sikuwahi kumpa mkono. Huzuni ile ilikuwa ya kweli. Ila rafiki wa kiooni hana gharama: haombi nauli, haugui ukalazimika kumwogesha, na ukichoka naye unamzima.

Nayasema haya kwa sababu ya Veeru wangu. Alistaafu akakaa Sengerema, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, na huko akapatwa na kiharusi kilichomwondolea uwezo wa kusema. Kwa miaka mitatu nilituma salamu na fedha kidogo kwa simu, nikisingizia foleni ya kivuko pale Kigongo. Na kila jioni, saa mbili kamili, nilikuwa mbele ya tamthilia. Nilijua nani kamsaliti nani katika familia ya kubuni. Sikujua nani anamlisha rafiki yangu.

Mwezi Juni 2025 likafunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3. Ziwa tulilolivuka kwa kungoja sasa linavukwa kwa dakika chache. Kisingizio changu kikaishia hapo.

Nilimkuta amekaa chini ya mwembe. Maneno yalinikauka, mimi niliyefundisha lugha maisha yangu yote. Nikatoa sarafu ya shilingi 200, nikamtilia katika mkono uliosalimika. Akaitazama upande mmoja, akaigeuza polepole, akautazama wa pili. Kisha akacheka, nusu ya uso ikicheka na nusu imetulia, nami nikalia.

Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kwa kipimo hicho, kwa miaka mitatu sikustahili jina la Jai. Sasa nakwenda kila mwezi. Tunatazama tamthilia pamoja, naye hunibana mkono kila muongo anapoanza kusema.

Mpenzi msomaji, ni nani anayekungoja ng'ambo?