Msimshitaki Ng'ombe

Hapa kwetu Nassa mtoto akianza kukohoa usiku na kifua kulia kama filimbi, wa kwanza kushitakiwa ni ng'ombe. Jirani yangu alikuwa tayari kumpeleka mwanawe wa miaka miwili kwa shangazi mjini, atengane na mama yake, kwa sababu ya vumbi la zizi.

Ngoja kwanza. Mwaka 2016 wataalamu wa Marekani walitoa habari za jamaa mbili za wakulima Wakristo wenye asili karibu moja, Waamishi na Wahuteri. Waamishi hulima kwa farasi, na zizi li karibu na nyumba. Wahuteri hutumia mashine, na mifugo yao i mbali na watoto. Wenye pumu kwa Waamishi walikuwa watoto 5 katika 100. Kwa Wahuteri 21. Yaonekana vumbi la zizi, mtoto akilizoea tangu uchanga, hukizuia kifua kisishtuke ovyo. (Maziwa lakini yachemsheni!)

Basi nikaingia jikoni kwa jirani. Mabua ya pamba yanawaka, hakuna dirisha, mtoto yu mgongoni mwa mama, machozi yanamtoka. Moshi huo ndio wa kushitakiwa. Na wa sigara vilevile, hata mtoto akiwa bado tumboni. Baba, vutia mbali, au afadhali uache.

Jiko lihamishie nje. Na ukiona mbavu za mtoto zinabonyea akihema, usingoje kupambazuke; mpeleke zahanati.