Mbawakavu wa Maharagwe Chini ya Kilimanjaro

Msafiri atokaye Moshi hupita Boma Ng'ombe, kisha hushika njia ya kaskazini iendayo Sanya Juu. Masika yakianza, huona kando ya njia maharagwe machanga yenye majani yaliyojaa matundu. Mharibifu ni mbawakavu ambaye wataalamu humwita Ootheca bennigseni.

Umbo lake ni kama yai, urefu wake yapata milimita 6, na aghalabu hung'aa kwa rangi ya chungwa. Mbawa mbili ngumu hufunika mbili laini za kurukia. Miguu yake ni sita. Papasi zake ni ndefu na nyembamba kama uzi. Hapo ndipo mkulima humtofautisha na yule mdudu wa mviringo alaye vidukari, ambaye papasi zake ni fupi, zenye kirungu nchani. Huyo ni rafiki wa shamba, asiuawe.

Watoto wa mbawakavu hula mizizi udongoni. Wakiisha kukua, hukaa humo humo wakingoja mvua za mwaka ujao. Basi ardhi na ilimwe mara baada ya mavuno, jua liwafikie. Na mwaka wa pili papandwe mahindi, ili adui aamkapo asikute chakula chake.