Waliojificha Wanataka Nini?

Hapa Dongobesh baridi ya jioni hutukusanya karibu na moto na kurefusha mazungumzo.

Juma lililopita vijana watatu walitujia wakitoka katika banda la video. Walikuwa wametazama filamu ya Kimarekani ya mwaka 2014, Captain America: The Winter Soldier, iliyotiwa sauti ya Kiswahili. Mmoja akatuuliza: "Padre, hawa HYDRA wana fedha, wana silaha, wana vyeo. Wanataka nini tena?" Swali hilo lilitushinda, nasi ikatubidi tuitazame filamu yenyewe kwanza.

HYDRA ni kundi la siri lililobuniwa na watunzi wa vitabu vya katuni mwaka 1965. Katika filamu hiyo limejificha kwa miaka mingi ndani ya chombo kilekile kilichoundwa kuilinda dunia. Hoja yake ni kwamba binadamu hawezi kuaminiwa na uhuru wake. Ukimnyang'anya kwa nguvu, atapigana. Basi mzidishie vurugu na hofu, naye atauleta uhuru huo kwa mikono yake akiomba ulinzi. Hatimaye merikebu tatu za angani zinaandaliwa kuua mamilioni ya watu, waliochaguliwa na mashine kwa makosa ambayo hawajayatenda bado. Vivyo hivyo katika Batman Begins ya mwaka 2005, kundi la siri linataka kuuangamiza mji wa Gotham kwa sababu umeoza, nalo huiita kazi hiyo haki.

Hakuna kati yao asemaye kwamba anapenda uovu. Wote hudai utaratibu na amani. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha zamani kwamba mtu hautafuti ubaya kwa kuwa ni ubaya. Huutafuta kwa kuwa umemjia katika sura ya jambo jema.

Tulipowaeleza vijana hayo, mzee mmoja jirani yetu, aliyepigana vita vya Kagera, alikuwa akisikiliza kimya. Kisha akasema: "Wale wa Kampala hawakuweka nembo ya kutisha mlangoni." Alikuwa akisema juu ya kikosi cha siri cha Idi Amin, kilichoanzishwa mwaka 1971 na kupewa jina la upole kabisa: Ofisi ya Utafiti wa Serikali. Kazi yake ilitangazwa kuwa usalama wa taifa. Katika utawala huohuo, Septemba 1972, Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa ndani ya Mahakama Kuu, wala hakurudi kwa watu wake. Majeshi ya Tanzania na Waganda waliopigana pamoja nayo yalipoingia Kampala mwezi Aprili 1979, katika jengo la ofisi hiyo pale Nakasero zilikutwa maiti za wafungwa. Vijana hawakuuliza tena habari za filamu.

Nasi usiku ule hatukupata usingizi upesi, kwa kuwa tulijikumbuka wenyewe. Miaka mingi iliyopita, mahali pengine, tulikuwa katika kamati ndogo iliyotunza michango ya madawati ya watoto. Masika yalikuwa karibu na paa lilikuwa bovu. Tukakutana watu wanne, tukafunga mlango, tukazihamishia fedha kwenye mabati. Hatukula hata shilingi moja. Mmoja wetu alipouliza kama waumini wataambiwa, sisi ndio tuliojibu: "Tusiwasumbue. Hawataelewa."

Baada ya miezi kadhaa mama mmoja mjane, aliyekuwa ameuza debe la maharage ili achangie, alituuliza madawati yako wapi. Tukajibu kwamba yanatengenezwa. Jibu hilo lilikuwa uongo. Tulipokuja kumweleza ukweli, alilitazama paa, akasema: "Bati ni jema, Padre. Lakini mmetufanya watoto." Hatukuwa na la kumjibu.

Hatujilinganishi na wauaji wa Nakasero. Lakini tumeona kwamba mlango wa kuingilia ni uleule: kuamini kwamba sisi twajua lililo jema, na kwamba wenzetu hawafai kuulizwa. Zipo siri za haki, kama za maungamo na za mgonjwa kwa tabibu wake; hizo humlinda aliye dhaifu. Siri yetu ilituhifadhi sisi tuliokuwa na uamuzi mikononi, ili tusiulizwe.

Tangu siku ile hesabu zetu husomwa hadharani, hata zinapotuaibisha. Juma hili, ndugu msomaji, ukiwa katika kikao cha ukoo, cha chama cha akiba au cha shule, na mtu akasema "tusiwaambie, hawataelewa", mwombe kwa upole afungue mlango. Na ikiwa msemaji ni wewe, ufungue wewe.