Hadithi ya Mapenzi Nayo ni Shamba

Watu wakisikia naandika riwaya za mapenzi, wanacheka kwanza, halafu wanauliza: "Na chuo je?" Kana kwamba hayo mawili ni kesi moja. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilikatika, basi. Leo nataka tuongee kuhusu kazi yenyewe, kwa sababu huku kwetu Kericho na Bomet tunaheshimu kila kazi ya jasho isipokuwa hii.

Kuna mzee mmoja anaitwa David Maillu, mzaliwa wa Kilungu, Ukambani. Elimu yake kubwa aliipata kwa kujisomea. Miaka ya 1970 hakukaa kungoja mchapishaji ampende. Alianzisha kampuni yake, Comb Books, akatoa My Dear Bottle mwaka wa 1973 na After 4.30 mwaka wa 1974. Vitabu vyembamba vya kusomwa ndani ya matatu: pombe, mabosi, makarani, mapenzi ya Nairobi baada ya saa za ofisi. Wasomi wengi walikunja uso, wakasema huo ni uchafu. Mwaka wa 1976 Tanzania ikavipiga marufuku. Wananchi wa kawaida nao walikuwa wakivinunua kweli kweli. Kampuni baadaye ilianguka, lakini mzee hakuweka kalamu chini. Mwaka wa 1991 alitoa Broken Drum, riwaya ya kurasa zaidi ya 1,000. Sasa niambie, hiyo ni kazi ya mvivu?

Ama mchukue Eric Shigongo wa Tanzania. Yeye alijulikana kwa hadithi za kutoka kipande kipande kwenye magazeti ya kampuni yake. Unasoma, unafika pale mambo yamechemka, halafu unakutana na neno "itaendelea". Watu wanaona hiyo ni hila ya kuuza gazeti. Mimi naona nidhamu. Gazeti halingoji mpaka mwandishi ajisikie. Siku ikifika, kipande kiwepo.

Na hiyo nidhamu si lazima niitafute mbali. Mama ana kishamba kidogo cha majani chai huku Konoin. Mche wa chai haujali kama umeamka na hamu. Ukirudi kila baada ya wiki moja au mbili, unachuna majani mawili na kichipukizi, unaenda mche unaofuata. Usiporudi, majani yanakomaa, yanakuwa magumu, na ukiuachilia kabisa unageuka mti. Riwaya ni vivyo hivyo. Naamka saa kumi na moja, naandika kwenye simu maneno 500 kabla ya kwenda kumsaidia kuchuna. Siku nyingine yanatoka mazuri, nyingine ni takataka, lakini mche umeguswa.

Halafu kuna kupogoa. Kila baada ya miaka mitatu minne hivi unaikata chai mpaka inabaki vijiti, na miezi kadhaa huvuni kitu. Inauma. Mwezi uliopita nilifuta sura nne nzima, kwa sababu wapenzi wangu walikuwa wanagombana bila sababu ya maana.

Hapo ndipo penye kazi ngumu ya riwaya ya mapenzi. Kupendana ni rahisi, mtu yeyote anaweza kuandika busu. Swali ni: nini kinawazuia? Wengi wetu tunaazima kizuizi cha kwenye filamu, ati tajiri na mama mkwe mkali. Na hapa kwetu tuna vizuizi vya kweli vimejaa! Unampenda kijana, mnafika kwenye koito, wazee wanauliza koo, kumbe nyinyi ni ukoo mmoja. Imeisha hapo.

Ninayoandika sasa ni ya msichana anayechuna kwa mkono kwenye shamba la kampuni, na kijana anayeendesha mashine ya kuchuna. Mashine moja inachukua kazi ya watu wengi. Mnakumbuka Mei 2023, mashine zilivyochomwa hapa Kericho. Sasa fikiria unampenda mtu, na mshahara wake ndio unaokula mshahara wa mama yako. Hakuna mbaya pale. Ndiyo maana naandika.

Pesa? Wasomaji wangu wananitumia shilingi 20 kwa sura, kwa M-Pesa. Mama aliniuliza juzi, bila hasira, "Mwanangu, hii itakulisha kweli?" Nikamwambia hata yeye analipwa kidogo kidogo kila mwezi, anangoja bonasi ya mwaka, na kuna mwaka bonasi inakuja ya kulia. Na bado harudi nyumbani na kikapu kitupu. Alinyamaza, akasema, "Lakini mche wa chai nauona." Hapo alinishika. Mche wangu hauonekani, na bado sina jibu la kumpa. Nina wasomaji tu, na tarehe ya kutimiza.

Kwa hiyo wewe unayesoma mapenzi usiku umejifunika blanketi, halafu mchana unatucheka, usinihurumie. Lipa tu sura yako. Sura ya 12 inatoka Ijumaa, na nimeshaipogoa mara mbili.