Safari ya Kabete: Kazi ya Mikono na Nyumba ya Mkristo

Mwezi huu twawachukua hata Kabete, nje ya mji wa Nairobi, tupate kupatazama mahali ambapo zamani walimu wa vijijini walifundishwa kazi pamoja na wake zao.

Ukitoka mjini kwenda Kabete ya Chini, njia yapanda na kushuka katika vilima vya Wakikuyu, na udongo wake ni mwekundu. Tulipofika tuliona majengo ya chuo ambamo watumishi wa serikali ya Kenya hufundishwa. Lakini kabla ya mwaka 1961 palikuwa na shule nyingine hapa, nayo ndiyo tuliyoiendea: Shule ya Jeanes, iliyofunguliwa mwaka 1925.

Jina hilo lilitoka mbali. Bibi Anna Jeanes wa Philadelphia, Mkristo wa kanisa la Marafiki, alitoa dola 1,000,000 mwaka 1907 kwa ajili ya shule ndogo za watu weusi mashambani huko Marekani. Mwaka 1908 Virginia Randolph, mwalimu ambaye wazazi wake walikuwa watumwa zamani, akaanza kuzizungukia shule za wilaya ya Henrico, akifundisha kushona, kupika na usafi, na kuwaita wazazi waje kuitengeneza shule yao. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilifika Afrika Mashariki, naye Dk. James Aggrey wa Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo, alikuwamo. Mwandishi wa tume ile, J. W. C. Dougall, akawa mkuu wa kwanza wa Kabete.

Basi, misheni zilichagua walimu waliokwisha kufundisha, nao wakaja na jamaa zao. Kila jamaa ilipewa nyumba na bustani. Mume alijifunza kilimo, useremala na namna ya kuwasaidia walimu wenzake. Mke alijifunza kulea watoto wachanga, kupika na kushona. Kisha walirudi kwao, naye mwalimu akazungukia shule kadhaa za vijijini. Hivyo watu wa kijiji waliona mafundisho hayo kwa macho katika nyumba ya jirani yao.

Walakini si haki kunyamaza juu ya uchungu wa wazazi wengi wa siku zile. Walisema, Watoto wetu wapewa jembe ili wasipewe kitabu. Tena walikuwa na sababu, kwa maana watoto wa Wazungu walisomeshwa vingine. Ndiyo maana Wakikuyu wengi walijijengea shule zao wenyewe. Kazi ya mikono ilipotolewa badala ya elimu, ilionekana kuwa aibu, na aibu ile haijatutoka.

Mwaka 1966 Baraza la Makanisa la Kenya liliuliza habari za vijana waliomaliza shule ya msingi wasipate nafasi mbele. Kwa swali hilo vikazaliwa vyuo vya ufundi vya vijiji, vya kufundisha useremala, uashi na ushonaji. Leo vyuo vya namna hiyo vi mikononi mwa serikali za kaunti. Hata hivyo wazazi wengi hupeleka huko mtoto aliyeshindwa mtihani tu, kama anayepelekwa kifungoni.

Ndugu zetu, je, tumesahau kwamba Paulo alishona hema pamoja na Akila na mkewe Priskila, na nyumba ya mafundi hao ikawa kanisa? Wahenga walinena: Elimu bila amali ni kama nta bila asali. Walimu, wasifuni mbele ya darasa wanaojua kutumia mikono, wala msiwanyime vitabu. Wazazi, mwulizeni mtoto apendalo kabla ya kungoja matokeo ya mtihani. Nanyi watu wazima, msione haya kujifunza ufundi. Wale wa Kabete walikuja na watoto wao mikononi.

Mungu abariki kazi za nyumba zenu.