Gitaa la Besi na Kijana Tuliyemhukumu

Kwaya nyingine zinapotaka kununua gitaa la besi, hutuma watu kwetu Mbinga kutuuliza. Huuliza bei, duka na rangi. Sisi huwakaribisha, huwapa chai, na kabla ya kutaja bei yoyote huwasimulia habari za kijana tuliyemfukuza. Wengine hudhani tumepotea njia. Wakisikiliza mpaka mwisho huelewa kwamba karibu yote tunayoyajua kuhusu kununua na kutunza gitaa tuliyajua kwa gharama ya jina la mtu.

Gitaa letu lilinunuliwa kwa kahawa. Msimu ule kila mwanakwaya alitoa debe moja la kahawa mbivu, na wale wasio na mibuni walichuma kwenye mashamba ya wengine wakaleta ujira wao. Akina mama wawili wajane walitoa zaidi yetu sote. Fedha zilipotimia tulituma wajumbe wawili Dar es Salaam, wakaenda Kariakoo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kupiga gitaa. Walichagua jekundu kwa sababu liling'aa kuliko mengine. Lilipofika kwa basi, padre alilibariki mbele ya altare, nasi tukapiga vigelegele.

Watu waliuliza kwa nini besi, na tayari tulikuwa na kinanda na gitaa la solo. Tuliwaambia wasikilize. Uzi mnene kabisa wa besi, ukipigwa bila kubanwa, hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Ni sauti ya chini kiasi kwamba mtu wa benchi la nyuma huisikia kifuani zaidi ya masikioni. Ikiwepo, hakuna anayeisifu. Ikikosekana, sauti ya kwanza hupanda, ya nne huzama, na wimbo huishia mahali ambapo haukuanzia. Zamani kazi hiyo ilifanywa na lile zeze kubwa linalopigwa kwa kusimama, hadi Leo Fender wa Marekani alipotoa besi yake ya umeme mwaka 1951, ambayo mtu angeweza kuibeba begani na kupanda nayo basi.

Aliyepewa kulipiga alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, mtoto wa mmoja wa wale wajane wawili. Alijifunza kwa kusikiliza redio, akifuata besi kwa kinywa kwanza, halafu kwa vidole. Alikuwa mpole na hakuwa na maneno mengi. Kwa miezi saba alishika nyimbo zetu kama nguzo inavyoshika paa, nasi, kama ilivyo desturi kwa nguzo, hatukumtazama sana.

Mwezi wa Januari tulialikwa kuimba Mbamba Bay. Kutoka Mbinga kwenda huko ni kama kilomita 66, lakini ni kama kwenda nchi nyingine. Sisi tunaishi juu, zaidi ya mita 1,000, kwenye baridi na ukungu. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500, na Januari hewa yake ni nzito kama nguo mbichi. Gitaa tulilifunga juu ya mizigo nyuma ya lori, likapigwa jua njia nzima. Tulipofika tuliliegemeza ukutani chini ya turubai, likalala hapo usiku mbili. Waya wake tuliuacha umechomekwa, kwa sababu kamati ilikuwa imeamuru usichomolewe, usije ukapotea.

Jumapili, kijana alipolishika, nyuzi zilikuwa zimenyanyuka mbali na shingo. Alizibana kwa nguvu hadi vidole vikawa vyeupe, na bado noti zilitoka zimepotoka. Wakati wa matoleo, mbele ya wenyeji wetu wote, sauti ilikwaruza mara mbili ikakatika kabisa. Tuliimba bila besi. Wimbo uliyumba, na watu wakatazamana.

Jioni ile ile kamati ilikaa chini ya mwembe. Tuseme ukweli: hatukukaa kuuliza, tulikaa kuhukumu. Tulimwambia ameliangusha. Alijibu, "Sijaliangusha." Tulimwuliza mara ya pili na ya tatu, na kila mara alijibu neno hilo hilo moja. Tulichukua uchache wa maneno yake kuwa ushahidi. Tukamwambia alipe, au asimame utume wa uimbaji hadi atakapolipa. Akalilaza gitaa juu ya mkeka, taratibu, akaondoka kwenda kwa mjomba wake, mvuvi wa pale pale Mbamba Bay. Hakurudi nasi. Mama yake alipata habari kwenye jumuiya, kwa midomo yetu, mbele ya majirani.

Gitaa tulilitundika sakristia. Kwaresima ikaja. Tulifunga, tuliungama, tulifanya Njia ya Msalaba kila Ijumaa tukipita chini ya gitaa lile. Hakuna aliyeungama habari za kijana, kwa maana hakuna aliyeona kuwa ni dhambi. Tuliona ni nidhamu ya kwaya.

Wiki moja kabla ya Matawi alikuja mzee mmoja kutoka Liuli, baba mkwe wa mwenzetu, amekuja kutibiwa. Kazi yake ya ujanani ilikuwa kutengeneza mitumbwi na maboti. Aliliona gitaa ukutani, akaomba kulishika. Hakugusa nyuzi. Aliliinua, akaweka kichwa cha gitaa karibu na uso wake, akafumba jicho moja na kutazama kando ya shingo toka mwanzo hadi mwisho, kama mtu anavyotazama ubao kabla ya kuupigilia.

"Wanangu," alisema, "nani kawaambia hili limeangushwa? Kitu kikianguka hubaki na jeraha. Hapa jeraha liko wapi? Hili limepinda tu."

Alitueleza kwamba alipokuwa akivuka ziwa kwenda Malawi, aliona vijana wakipiga babatoni, besi ya kujitengenezea yenye uzi mmoja, mti mrefu na ngoma ya ngozi. Mti ukiwa mbichi, uzi huuvuta ukapinda, na uzi ukawa juu. Hilo tu. Sisi tulikuwa na chombo cha nyuzi nne, na nyuzi nne za besi kwa pamoja huvuta shingo kwa nguvu ya kilo 70 au zaidi, mchana na usiku, hata gitaa likiwa limelala. Ukiongeza joto na unyevu wa ziwa, mbao huvimba na kusalimu amri.

Tulilipeleka kwa fundi redio sokoni. Alifungua kifuniko cha nyuma kwa bisibisi, akacheka. Ndani kulikuwa na betri ndogo ya volti 9, ambayo hatukujua kama ipo, maana kijitabu cha maelezo kilitupwa pamoja na boksi. Gitaa la namna hiyo huanza kula betri pale waya unapochomekwa, hata kama hakuna anayelipiga. Waya ule tulioamuru usichomolewe ndio ulioiua. Kisha akatuonyesha tundu mwishoni mwa shingo. Ndani yake umepita mchuma, na nati yake hukazwa kwa spana ya pembe sita, ile iliyokunjwa kama herufi L. Alilegeza nyuzi, akakaza robo mzunguko, akazirudisha, akatuambia turudi kesho. Kesho yake robo nyingine. Siku ya tatu shingo ilikuwa imenyooka, na gitaa likalia kama siku lilipobarikiwa. Gharama yote ilikuwa betri moja na soda ya fundi.

Tulirudi nyumbani hatusemezani. Yule mzee alikuwa amefumba jicho moja ili aone ubao sawasawa. Sisi tulikuwa na macho ishirini na manne kwenye kamati, na kila moja lilikuwa na boriti ile ambayo Bwana alituonya habari zake.

Mwenyekiti wetu alitaka gitaa lipigwe Pasaka, na kijana atafutwe baadaye. Mama mmoja wa sauti ya pili alikataa. Alitukumbusha mafundisho ya Bwana mlimani: anayeleta sadaka altareni na kukumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale pale, aende kwanza apatane naye. "Gitaa hili ni sadaka ya kahawa yetu," alisema. "Basi libaki sakristia. Twende Mbamba Bay."

Tulikwenda watu sita, Jumatatu ya Wiki Kuu. Tulimkuta ufukweni akishona wavu, na usipa umeanikwa pembeni yake. "Shikamooni," alisema bila kuacha kushona. Tuliitikia "Marahaba" kwa aibu, kwa sababu siku ile ilitupasa sisi kumwamkia yeye. Tulimweleza yote: betri, waya, shingo, jua la lorini. Tulimwambia tumekosa, atusamehe. Alinyamaza kitambo. Halafu hakuuliza kama gitaa limepona. Aliuliza, "Mama ameshajua?"

Hapo ndipo tulipoelewa kipimo cha kosa letu. Tulikuwa tumemshitaki hadharani, na tumekuja kumwomba msamaha mafichoni, kilomita 66 mbali na watu waliosikia mashitaka. Tulipanda siku ile ile. Usiku tulikwenda kwa mama yake tukapiga magoti. Jumatano tulisimama kwenye jumuiya, na siku ya Pasaka, kwa ruhusa ya padre, mwenyekiti alisoma kwenye matangazo kwamba gitaa halikuangushwa na mtu yeyote, kwamba liliharibika kwa uzembe wa kamati, na kwamba kamati ilimsingizia mtoto wa watu. Yalikuwa matangazo mafupi. Kwa mwenyekiti yalikuwa marefu kuliko mahubiri.

Kijana alitusamehe. Hakurudi kwenye kwaya. Alibaki ziwani, akaoa huko, na sasa anapiga besi kwenye kigango cha ufukweni. Tulitamani habari hii iishe kwa yeye kusimama tena mahali pake, lakini msamaha hauturudishii kila tulichovunja. Kila msimu wa kahawa hupanda kumsalimu mama yake, na hupita kanisani kulikagua gitaa. Ndiye aliyemfundisha binti anayelipiga leo.

Kwa hiyo mkituuliza, wapendwa, haya ndiyo tunayowaambia. Mkienda kununua, nendeni na anayejua kupiga, na rangi iwe ya mwisho. Fumba jicho moja utazame shingo. Bana kila uzi kwenye kila freti, vile vipande vya chuma vya shingoni, usikilize kama kuna unaokwaruza. Chomeka waya, uutikise; sauti ikikatika, tundu lake limelegea, na fundi redio anaweza kulilehemu. Uliza kama lina betri. Uliza kama spana yake ipo. Bakizeni fedha ya nyuzi za akiba, mkanda, waya na mfuko, na ya amplifaya ya besi yenyewe, kwa sababu besi ikipitishwa kwenye spika ndogo ya redio huipasua.

Mkishalipata, lifuteni nyuzi kwa kitambaa kikavu kila baada ya mazoezi, maana jasho na unyevu wa ziwa huleta kutu. Nyuzi zikizeeka na fedha hakuna, zifungueni mzichemshe kwa dakika kumi, mzikaushe vizuri. Zitalia tena kwa muda. Safarini likae ndani ya mfuko, pamoja na watu. Mkifika mahali penye hewa nyingine, lipeni saa chache lizoee kabla ya kulikaza. Kupima shingo, bana uzi kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapokutana na mwili, kisha tazama katikati: pawe na upenyo wa unene wa kadi ya mwaliko wa harusi. Upenyo ukizidi, kaza robo mzunguko tu, usubiri hadi kesho. Nati ikigoma, acha, mwite fundi. Na mkimaliza kupiga, chomoeni waya.

Haya si makubwa. Wazee wetu Wamatengo hawakungoja mvua iondoke na udongo ndipo wachimbe ngoro; huzichimba upya kwa zamu, mteremko ukiwa bado mzima. Kutunza ni kazi ya kabla.

Tuna daftari linalokaa ndani ya mfuko wa gitaa. Humo huandikwa tarehe za betri, za nyuzi na za kukaza shingo. Ukurasa wa kwanza una sheria moja ya kamati, iliyoandikwa kwa mkono wa mwenyekiti yule yule: sauti ikiharibika, kwanza kikaguliwe chombo, kisha ikaguliwe kamati, na mtu awe wa mwisho, tena aulizwe kwa upole. Chini yake tumeacha nafasi ya sahihi. Kila mwanakwaya mpya husaini hapo kabla hajapewa joho.